Oili Chafu Ina Bei, Lakini Bado ni Taka Hatarishi

Ukifuata barabara kuu kutoka Tunduma hadi Ipogolo, kila mji una gereji zake za malori, na kila gereji ina pipa la oili chafu limesimama pembeni. Pipa hilo halikosi mteja. Seremala anaitaka oili apake mbao zisiliwe na mchwa. Mchoma matofali anaitaka awashie tanuru. Mpasua mbao wa Mufindi anaitia kwenye msumeno wa mnyororo. Betri zilizokufa nazo zina wateja wao, vijana wa skrepa wanaopita na mizani. Ndiyo maana ukimwuliza mwenye gereji wa Mbalizi au Makambako taka hatarishi zake anazipeleka wapi, atakujibu kwa moyo mweupe kwamba kwake hakuna. Taka ni kitu cha kutupa, na yeye hatupi. Anauza.

Fundo la mada hii liko hapo hapo, na wengi wanaoandika kuhusu taka hatarishi hulipita bila kuligusa. Wanaanza na viwanda vikubwa na migodi, msomaji mwenye karakana ya watu wanne anaona hayamhusu, anafunga ukurasa. Yanamhusu. Sheria haiulizi kama kitu chako kimepata mnunuzi. Inauliza mambo mawili: umemaliza nacho kazi uliyokinunulia? Na je, kina uwezo wa kudhuru watu, maji au udongo? Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa kuhusu taka hatarishi ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993, unahesabu hata urejelezaji kuwa njia mojawapo ya kumalizana na taka. Kusafisha mafuta yatumike tena, kuyeyusha betri ili kupata madini ya risasi, vyote vimo. Kwenye orodha ya mkataba huo, mafuta ya madini yasiyofaa tena kwa kazi yake yana namba Y8. Risasi na michanganyiko yake ni Y31. Betri za risasi na tindikali, kama hizi za magari, zimetajwa kwa jina. Mnunuzi akija na pesa mkononi haviondoi kwenye orodha.

Tena bei yenyewe huwa ndiyo inayoleta balaa. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walirejeleza betri za magari mitaani kwa miaka mingi. Bei ya madini ya risasi ilipopanda, akina mama wakaanza kuchekecha udongo wa mtaa wao ili kuokota chembe zilizobaki na kuziuza. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa. Hapakuwa na kiwanda kilicholipuka wala lori lililopinduka. Kulikuwa na udongo wenye bei, ukashikwa, ukaingizwa ndani, vumbi lake likavutwa na wadogo.

Jirani zetu wa Mombasa wana kesi ya kwao. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kando ya nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mzigo huo haukuachiwa wenye kiwanda peke yao, taasisi za serikali zilizoruhusu mambo yaende vile nazo zilibeba sehemu yake. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Betri zilizoyeyushwa pale zilianzia kwenye magari na gereji za watu wa kawaida.

Hapa kwetu sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za kudhibiti taka hatarishi. Za kwanza zilitoka 2009, zikatungwa upya baadaye, zikiwemo za 2021. Ukiziondolea lugha ya kisheria, zinasema hivi: aliyezalisha taka ndiye mwenye wajibu nayo. Aitambue, asiichanganye na nyingine, aitunze mahali salama, kisha aikabidhi kwa mtu mwenye kibali. Kukusanya taka hatarishi ni shughuli ya kibali. Kusafirisha ni ya kibali. Kuhifadhi kwa niaba ya wengine, kuchakata, kuteketeza, vivyo hivyo. Sheria hiyo ya 2004 imebeba pia kanuni ya kwamba mchafuzi hulipa, yaani gharama ya kusafisha haihamii kwa jirani wala kwa kijiji kilicho chini ya mto.

Sasa mtazame yule kijana wa skrepa na mizani yake. Ukimpa betri kumi bila kumtaka akuonyeshe kibali chake na bila karatasi ya makabidhiano, umepata hela yako, lakini mbele ya sheria mnyororo umekatikia kwako. Kesho betri zile zikionekana zimepasuliwa kwenye mfereji wa Nzovwe, huna cha kuonyesha kwamba ziliondoka kwako salama. Wenye gereji nawasihi walifikirie hili kuliko jambo lingine lolote katika makala haya. Nakala ya kibali cha mchukuaji, tarehe, aina ya taka, uzito au lita, saini mbili. Karatasi moja, na iwekwe kwenye faili.

Mkanganyiko mwingine ni wa ofisi. Mfanyabiashara anaambiwa leo na huyu, kesho na yule, anaishia kudhani wote wanamtafutia faini. Kumbe kila ofisi inashika kipande chake. Kemikali ikiwa bado bidhaa, dukani au ghalani, iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003. Ikishachakaa au ikabaki kama uchafu wa kazi, inaingia mikononi mwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mfanyakazi anayeishika, macho yake, mapafu yake, glavu zake, ni jukumu la OSHA, wakala wa usalama kazini, kwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, ambayo inataka kila sehemu ya kazi isajiliwe. Viuatilifu vya shambani vina mamlaka yake, TPHPA. Dawa za binadamu zilizoisha muda ziko kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Taka za kawaida, maganda na karatasi, ni za halmashauri. NEMC, Mkemia Mkuu na TMDA wote wana ofisi za kanda hapo jijini Mbeya, kwa hiyo mtu wa Rungwe au Chunya hana haja ya kupanda basi la Dodoma ili kuuliza swali.

Utajuaje kwamba ulichonacho ni hatarishi? Kuna sifa nne ambazo nchi nyingi huzitumia. Ya kwanza ni kuwaka kwa urahisi: thina, petroli ya kuoshea spea, vanishi. Marekani wameweka mpaka kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, kimiminika ambacho mvuke wake unaweza kushika moto chini ya joto hilo kinahesabiwa hatarishi. Ya pili ni kuunguza na kula vitu, kama tindikali ya betri au magadi makali ya kusafishia mashine. Ya tatu ni kulipuka au kutoa gesi mbaya kikikutana na maji au kemikali nyingine. Ya nne ni sumu, na hii ndiyo inayodanganya macho kuliko zote, maana haiwaki, haichomi ngozi, haitoi moshi. Risasi ni ya kundi hili. Zebaki pia, na aseniki. Ukisoma lebo ya chombo kipya utaona alama za msambamba wenye mpaka mwekundu, moto, fuvu, kimiminika kinachokula mkono. Chombo kilichoingia na alama hizo kikitoka kama taka bado kinazo, labda uwe na ushahidi wa kinyume.

Tuje kwenye kuhifadhi, maana hapa ndipo mtu mdogo anaweza kufanya jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Nyanda za Juu Kusini zina mvua ndefu, kuanzia Novemba hadi Aprili na zaidi, na mvua hiyo ndiyo adui wa kwanza wa pipa lisilo na mfuniko. Mafuta huelea juu ya maji. Pipa la wazi likinyeshewa, maji yanazama chini na kuyainua mafuta, na kitakachomwagika kwanza ukingoni ni oili yenyewe. Mwenye gereji anatazama pipa asubuhi, anaona bado limejaa, hajui kwamba nusu yake sasa ni maji na oili imekwenda mtaroni. Paa la mabati manne na mfuniko uliokaza vinamaliza tatizo hilo.

Chini ya pipa pawe na sakafu ya saruji isiyo na nyufa, na pembeni ukingo mdogo wa tofali uliopigwa plasta, ili likivuja lisifike mtaroni. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba eneo lililozungushiwa ukingo libebe asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote kilichomo. Kwa pipa la lita 200, ni lita 220. Eneo la mita moja na nusu kwa mita moja, ukingo wa sentimita 15, linakupa lita 225. Hilo fundi mwashi analijenga kwa siku moja. Lisitobolewe tundu la kutolea maji, au likiwepo liwe na koki inayokaa imefungwa.

Nasisitiza mtaro kwa sababu ya jiografia yetu. Maji ya Mbalizi na Songwe, pamoja na yale ya Lupa kule Chunya, huteremka hadi Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka. Kinachoingia humo na kisichooza, kama vile zebaki au risasi, hakina pa kwenda. Kutoka Mufindi, Ruaha Mdogo hupita Iringa mjini, hujiunga na Ruaha Mkuu, huingia Mtera. Kiwira ya Rungwe inakwenda Ziwa Nyasa. Tumekaa juu, kwenye vyanzo, na wanaokunywa chini yetu ni wengi.

Kisha kutochanganya. Oili chafu safi, yaani isiyo na kitu kingine, inaweza kurejelezwa au kuteketezwa kwenye tanuru la saruji ambako moto unapika mawe kwa nyuzi karibu 1,450. Ukiitia thina, mafuta ya breki, maji ya rejeta au mafuta ya transfoma la zamani, umeharibu pipa zima, na mwenye kibali anaweza kulikataa. Mafuta ya transfoma za zamani yana balaa la pekee. Baadhi yake yana kemikali ziitwazo PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 umezipiga marufuku, na hazimaliziki mwilini wala kwenye udongo kwa miaka mingi. Usiyapokee, usiyakaangie, usiyapake ngozini, hata uambiwe ni dawa ya nini.

Kwa kemikali nyingine kuchanganya kunaua papo hapo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na tindikali ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini. Kule Makongolosi na vijiji vya wachimbaji wa Chunya, hali ni nzito zaidi: mitambo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, hutumia sayanaidi, na wasafishaji wa dhahabu hutumia tindikali ya naitriki. Sayanaidi ikiguswa na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi, na pumzi chache zinatosha kumwua mtu. Ndiyo sababu wenye mitambo huitunza kwenye maji yenye pH ya zaidi ya 10, yaani yaliyo mbali na utindikali. Ghala moja lenye mapipa ya sayanaidi upande huu na madumu ya tindikali upande ule, chini ya paa linalovuja, halifai hata kwa usiku mmoja. Yajengewe vyumba viwili, vyenye milango miwili, na maji ya kimoja yasiweze kutiririkia kwenye kingine.

Tindikali hiyo ya naitriki ina jambo lingine ambalo watu wa ukanda wa mbao wanapaswa kulijua. Kwetu kitu kikimwagika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye maranda. Kwa oili ni sawa. Kwa tindikali ya naitriki maranda yanaweza kuwaka yenyewe. Tumia mchanga mkavu, au magadi kwa uangalifu, kidogo kidogo. Na maranda yaliyokwisha kunywa oili ni taka hatarishi sasa. Hayaendi jikoni wala kwenye banda la kuku.

Lebo nitaisema kwa haraka kwa kuwa haina ugumu. Jina la kilichomo, hatari yake, tarehe ya kuanza kujaza. Kwa Kiswahili, kwa rangi isiyofutika, ubavuni mwa pipa na siyo kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko hubadilishana. Tarehe inakusaidia kujua taka imekaa muda gani. Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 1976, biashara inayozalisha kati ya kilo 100 na 1,000 kwa mwezi inaruhusiwa kukaa na taka siku 180, na inayozidi hapo siku 90 tu. Sababu ya ukomo huo ni kwamba mapipa hutoboka kwa kutu, lebo hufifia, mfanyakazi aliyejua kilichomo huacha kazi. Soma masharti ya kibali chako, na hata pale usipobanwa, jiwekee tarehe ya kuondoa.

Kuna mahali pengine pa hatari ambapo panaonekana pa amani, nalo ni pipa tupu. Pipa lililokuwa na petroli, thina au vanishi lina mvuke ndani, na mvuke uliochanganyika na hewa hulipuka kwa urahisi kuliko kimiminika chenyewe. Fundi anayelikata kwa gesi au kulichomelea ili atengeneze jiko au tangi la maji anacheza na uhai wake. Usimwuzie pipa fundi wa kukata kama halijasafishwa na mtu anayejua anachofanya, na maji yaliyotumika kulisafisha nayo ni taka.

Turudi kwa betri. Betri ya gari dogo ina uzito wa kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Mnunuzi wa kilo hataki kulipia maji, kwa hiyo huiinamisha kwanza mtaroni. Kinachotoka humo ni tindikali iliyobeba chembe za risasi. Watu wenye nia njema humwaga magadi au chokaa juu yake, ikatoa povu, ikatulia, wakaridhika. Ukali wa tindikali umekwisha kweli. Risasi haijaenda popote. Imebaki kwenye tope lile jeupe, na mvua ikija inaanza safari, au jua likipiga inakuwa vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Akili yake hupungua, na haimrudii. Tena baba huipeleka nyumbani kwenye ovaroli bila kujua, mtoto akaipata anapomkumbatia. Ovaroli zibaki kazini, zifuliwe mbali na nguo za watoto, na mtu anawe mikono kabla ya kula hata kama ni karanga mbili.

Kwa hiyo betri haifunguliwi, haiinamishwi. Inakaa wima juu ya ubao au treya ya plastiki, chini ya paa, mahali penye hewa, ncha zake zimefunikwa na gundi ya umeme ili zisipigane shoti. Ikipasuka, iwekwe kwenye beseni la plastiki gumu lenye mfuniko, na beseni liuzwe pamoja nayo kwa mwenye kibali, maji yake yakiwemo. Kama tindikali imemrukia mtu machoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 nzima kabla ya kukimbilia hospitali. Dumu la maji na bomba lake liwepo karibu, siyo ofisini kwa bosi.

Filta za oili watu huzitupa na matakataka ya kawaida. Itoboe ikiwa bado ya moto, iinamishe juu ya pipa ivuje saa 12, ndipo chuma chake kipelekwe skrepa. Matambara ya vanishi na ya mafuta ya linsidi, yanayotumiwa na maseremala, yasilundikwe kona moja. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na lundo likihifadhi joto linawaka lenyewe usiku. Yaweke kwenye debe la bati lenye mfuniko, nje ya karakana.

Mafinga, Njombe na Iringa zimeshika kazi ya kutibu nguzo za umeme, na ni kazi nzuri iliyoajiri wengi. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na ndiyo inayozipa nguzo ule ukijani. Mkataba wa Basel umezipa taka za kemikali za kutibia mbao namba yao, Y5. Nguzo ikitoka kwenye mtambo hudondosha dawa, kwa hiyo inapaswa kukaa juu ya sakafu ya saruji inayorudisha matone kwenye tangi, mpaka ikauke. Tope la chini ya tangi ni taka hatarishi isiyo na mjadala. Hofu yangu kubwa iko kwenye vile vipande vinavyokatwa mwishoni. Ni vikavu, vinawaka vizuri, na baridi ya Mafinga mwezi wa Juni watu wanaijua. Mbao hizo zikichomwa, sehemu ya aseniki inapanda na moshi na iliyobaki inakaa kwenye majivu. Majivu hayo mama wa nyumba anayapeleka bustanini kwenye mboga, kama alivyofundishwa na bibi yake, ambaye alichoma kuni safi. Mwenye kiwanda asigawe vipande hivyo kwa wafanyakazi hata kama anadhani anawasaidia. Avihesabu na avifungie.

Kwa wenye maduka ya pembejeo wa Uyole, Mbozi na Makete, chupa tupu ya dawa ya ukungu wa viazi inasafishwa shambani, siyo dukani. Mkulima anajaza robo ya maji, anafunga, anatikisa nusu dakika, anamimina kwenye bomba lake la kupulizia, mara tatu, kisha anaitoboa chupa. Maji ya kusuuzia yanaenda kwenye mimea ile ile, hivyo hapotezi hata tone la dawa aliyolipia. Kutoboa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana dumu zima haliachwi. Litabeba ulanzi, litabeba mafuta ya kupikia. Duka lililouza lipokee chupa zilizotobolewa na kuzifunga kwenye mifuko mpaka zichukuliwe na wenye kibali. Zisichomwe nyuma ya duka. Moto wa kawaida hauna joto la kutosha, na moshi wake ni sumu nyingine.

Maduka ya dawa za binadamu yana utaratibu wake: zilizoisha muda zitengwe kwenye boksi lililoandikwa, zifungiwe, TMDA iandikiwe, na uharibuji ufanyike chini ya usimamizi. Sindano ziingie kwenye boksi gumu la usalama na lisijazwe kupita robo tatu. Tyubu laiti za ofisini zisizo za LED zina zebaki kidogo ndani, zisivunjwe, zirudishwe kwenye makasha yake.

Kimiminika kikiwaka, namba ya Zimamoto ni 114. Waambie mapema kilichomo ghalani. Mwenye ghala la kemikali abandike orodha yake langoni, wazima moto wasije wakamwaga maji mahali ambapo maji yanazidisha hatari.

Limebaki tatizo moja ambalo mwenye gereji hawezi kulitatua peke yake. Gereji ndogo hutoa pipa moja kwa miezi miwili au mitatu, betri chache, mfuko wa filta. Msafirishaji mwenye kibali hawezi kutuma gari kutoka mbali kwa mzigo huo, na mwenye gereji hawezi kulipia safari hiyo. Kijana wa skrepa anashinda kwa sababu anafika mlangoni. Kumlaumu hakutoshi. Njia naiona kwenye kukusanya pamoja: mafundi wa mtaa mmoja, kama wale wa maeneo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wawe na kituo kimoja chenye sakafu, ukingo, paa na daftari, na msafirishaji aje anapopata mzigo unaojaza gari. Vijana wa skrepa waingizwe humo kama wakusanyaji waliofundishwa, maana wao ndio wanaoijua mitaa. Ila kituo kama hicho ni kuhifadhi kwa niaba ya wengine, na hiyo ni shughuli ya kibali. Wanaotaka kukianzisha waanzie ofisi ya NEMC ya kanda na kwa afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kumwaga hata toroli moja ya zege. Waende na mchoro wa eneo, umbali wake kutoka mtoni na kutoka kwenye nyumba za watu, na makadirio ya lita na kilo za kila gereji kwa mwezi. Makadirio hayo yanapatikana kwa kuanza kuandika leo, pipa kwa pipa.